Kabla ya kulifungua bwawa la uani



Pepo za kusi zimekwisha kutuaga na kaskazi ndiyo hiyo inabisha hodi. Joto la Dar es Salaam la Desemba hadi Machi halihitaji maelezo. Kila aliyepanda daladala saa nane mchana analijua. Ni katika majira haya ndipo nyumba zenye bwawa la kuogelea uani, kuanzia Masaki na Oysterbay hadi Mikocheni na Mbezi Beach, huanza kuyaamsha mabwawa yaliyolala tangu masika. Shule zinakaribia kufungwa, wageni wa Krismasi wako njiani, na mwenye nyumba anataka maji ya buluu.

Najua wapo wanaosema: "Huyu naye leo katuletea habari za wakubwa. Sisi mabomba yanakauka, yeye anazungumzia maji ya kuchezea!" Nawaelewa. Lakini hebu tutazame ni nani hasa anayekutana na bwawa hilo. Anayelisafisha aghalabu si mwenye nyumba. Ni mdogo wako aliyetoka Singida au Lindi kutafuta riziki. Anayeogelea humo Jumapili si mtoto wa mwenye nyumba peke yake. Ni mwanao pia, aliyealikwa sikukuu ya kuzaliwa ya mwenzake wa darasani. Na mbu anayezaliwa humo hajui ukuta wa nani umeishia wapi. Kwa hiyo habari hii ni yetu sote.

Hivi majuzi nilikaa kutwa nzima na fundi wa mabwawa, mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Tulikuta maji ya kijani kibichi kama mchicha uliosagwa, majani ya mwembe yamezama, na vyura wamejifanyia maskani. Kijana wa nyumba ile alikwisha kuambiwa na tajiri wake amwage maji yote ajaze mapya. Fundi akamzuia.

"Mwanangu," alimwambia, "bwawa tupu ni mtumbwi. Maji ya chini ya ardhi yakiwa juu, yatalisukuma linyanyuke au lipasuke."

Ndivyo ilivyo. Maeneo mengi ya pwani yetu yana maji ya ardhini yaliyo karibu na uso wa ardhi, hasa baada ya mvua. Uzito wa maji yaliyomo ndani ndio unaolituliza bwawa mahali pake. Ukiyaondoa yote kwa pupa, unaweza kuamka ukakuta sakafu imechanika na vigae vimebanduka.

Kuna sababu nyingine ya kutoyamwaga, na hii ni ya kiraia zaidi. Chukua bwawa la kawaida tu: urefu mita 10, upana mita 5, kina cha wastani mita 1 na nusu. Hilo linabeba lita 75,000. Ni maboza saba na nusu ya lita 10,000, au ndoo 3,750 za lita 20. Tunakumbuka Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yaliposhuka na jiji likaingia kwenye mgawo. Katika mji kama huu, kumwaga lita 75,000 kwa sababu tu zimegeuka rangi ni israfu, na tena haina haja, kwa maana maji hayo yanaweza kuponywa.

Yanaponywaje? Kwanza ni kazi ya mikono. Majani na uchafu huopolewa kwa wavu, kisha kuta na sakafu husuguliwa kwa brashi ili utelezi ule wa kijani ubanduke. Pili ni chujio. Mabwawa mengi hutumia chujio la mchanga. Pampu huvuta maji, yakapita mchangani, uchafu ukabaki. Mchanga ukishiba, geji ya chujio hupanda, na hapo maji hugeuzwa yapite kinyumenyume ili uchafu utoke nje. Pampu isiyofanya kazi saa za kutosha kila siku haiwezi kusaidiwa na dawa yoyote. Mwenye bwawa anayezima pampu ili kuokoa umeme hununua klorini maradufu, akajiona amebana matumizi.

Tatu ndiyo dawa, na hapa wengi huenda kwa kukisia. Kabla ya klorini hupimwa kwanza ukali wa maji, kile kipimo kiitwacho pH. Kinachotakiwa ni kati ya 7.2 na 7.8. Sababu ni hii: pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini uliyotia ndiyo yenye nguvu hasa ya kuua vijidudu. Ikipanda hadi 8, nguvu hiyo hushuka ikawa kama robo tu. Unaweza basi kumwaga ndoo nzima ya klorini na maji yakabaki machafu, kwa kuwa hukupima. Klorini yenyewe inatakiwa iwe miligramu 1 hadi 3 kwa kila lita. Kwa bwawa letu la lita 75,000, ili kupandisha miligramu 1 unahitaji kama gramu 115 za unga wenye nguvu ya asilimia 65. Maji yaliyokwisha kuwa kijani huhitaji mara kadhaa ya kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, na hutiwa jioni, kwa sababu jua la mchana huila klorini upesi. Halafu pampu ikeshe. Hakuna anayeruhusiwa kuingia mpaka maji yapimwe upya na sakafu ya upande wa kina kirefu ionekane wazi.

Hapo nataka kuondoa imani moja iliyoenea. Watu wakifika kwenye bwawa wakanusa harufu kali inayochoma macho, husema: "Hapa ni pasafi, klorini imejaa." La hasha. Harufu ile hutokea pale klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Bwawa lililotunzwa vyema halinuki hivyo. Dawa rahisi kuliko zote ni kuoga kabla ya kuingia, na kumpeleka mtoto msalani mapema. Mtoto anayeharisha asiingie kabisa, maana kipo kimelea cha kuharisha kinachoweza kuishi zaidi ya siku 7 ndani ya maji yenye klorini ya kawaida.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa nyumba ile. Nilimkuta na dumu la asidi, ile ile tunayoijua ya kusafishia vigae, mkono mtupu, kandambili miguuni, kitambaa amejifunga puani. Kando yake, katika kibanda hicho hicho, ndoo ya klorini iko wazi. Fundi alipoona hivyo alifoka. Asidi hii na klorini zikikutana hutoa gesi ya klorini, gesi ile ile iliyotumiwa kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Haihitaji vita, kikombe kichafu kilichochotea asidi kikatumbukizwa kwenye ndoo ya klorini kinatosha kumlaza mtu hospitali.

Sheria zake si nyingi. Dawa hizi mbili zikae mbalimbali, mahali pakavu penye hewa, mbali na petroli na mafuta ya taa. Daima dawa ndiyo hutiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya dawa. Na anayezishika avae glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na viatu vya kufunika. Mwenye uwezo wa kujenga bwawa hakosi uwezo wa kununua glavu. Huyu kijana ameajiriwa kumwagilia maua. Ukimpa na kazi ya kemia bila mafunzo wala kinga, umempa hatari isiyomo kwenye mshahara wake.

Lakini yote hayo, ndugu msikilizaji, ni madogo mbele ya hili la mwisho.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ndiyo kusema nchi kama zetu. Kwetu wengi huchukuliwa na mito, maziwa, visima na bahari. Kila bwawa jipya la uani linaongeza kisima kingine, tena kizuri cha kuvutia, mita chache kutoka mlango wa jikoni.

Na mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Ili upige kelele unahitaji pumzi, na pumzi ndiyo aliyokosa. Huenda chini kimya, watu wazima wakiwa mita tano tu wanageuza nyama kwenye jiko. Kila mmoja anadhani mwenzake anamtazama.

Wenzetu wamejifunza kwa machungu. Nchini Marekani, kuzama ndiko kunakoongoza kuua watoto wa mwaka 1 hadi 4. Huko huko, mwaka 2002, mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje James Baker, alinaswa na mvuto wa tundu la kutolea maji akafa. Mwaka 2007 ikapitishwa sheria yenye jina lake, inayotaka mifuniko ya usalama kwenye matundu hayo katika mabwawa ya umma. Utafiti umeonyesha pia kuwa uzio unaolizunguka bwawa pande zote nne, ukilitenga na nyumba, hupunguza hatari ya watoto wadogo kuzama kwa asilimia 83 ukilinganisha na uzio wa kuzunguka kiwanja tu.

Sikiliza vizuri hapo. Sisi hujivunia ukuta mrefu wenye nyaya za umeme. Ukuta ule unamzuia mwizi. Haumzuii mtoto aliye ndani. Uzio wa bwawa unatakiwa uwe wa peke yake, kimo kisichopungua mita 1 na sentimita 20, na geti linalojifunga lenyewe. Pasiwe na kiti wala ndoo ya kukwelea kando yake. Na watu wakiwa majini, mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mlinzi, bila simu wala glasi mkononi. Mtu akiopolewa hapumui, usipoteze muda kumkamua tumbo. Mpulizie pumzi, mkandamize kifua, na mwingine aite msaada.

Na kama huna nia ya kulitunza, basi usiliache lioze. Katika joto letu yai la mbu huwa mbu kamili kwa siku kama 7 hadi 10. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kuanzia 2004 palikuwa na mpango wa jiji wa kuwasaka viluwiluwi mtaa kwa mtaa, na moja ya vikwazo vya wale vijana waliopita na dawa ilikuwa viwanja vilivyozungushiwa kuta. Fungua geti, ndugu yangu. Anayekuja kutia dawa maji yako anawakinga jirani zako na wewe pamoja.

Basi wewe mwenye bwawa, kabla ya kumwalika mtu Krismasi hii, nenda uani ujiulize: maji yamepimwa? Kijana wangu ana glavu? Geti linajifunga? Nawe mzazi unayempeleka mwanao kwenye sherehe, uliza bila haya kuna uzio gani, na nani atakuwa anawatazama watoto. Kuuliza hivyo si kukosa adabu. Mwenye nyumba mwungwana atafurahi umeuliza.