ADA YA JIMU NA MLANGO ULIOFUNGWA



Mwezi Machi 2020, serikali ya Uganda ilipoanza kuchukua hatua za kuzuia ugonjwa wa korona, majumba ya mazoezi ya viungo, ambayo wengi huyaita jimu, yalifungwa, kama zilivyofungwa baa na kumbi za dansi. Mjini Jinja vyuma vya kunyanyua vililala kimya, na mjini Mbale, chini ya mlima Wanale, hali ilikuwa hiyo hiyo. Kuanzia tarehe 31 Machi ikawekwa amri ya kutotoka nje tangu saa 1 usiku hadi saa 12 na nusu asubuhi, na aliyesimama barabarani kuhakikisha kwamba amri hiyo inafuatwa alikuwa ni askari.

Lakini askari huyo huyo, akivua magwanda yake jioni, alikuwa pia mteja wa jimu. Ndipo swali likazuka. Yule aliyekwisha kulipa ada, je, fedha yake imepotea? Na yule ambaye bado hajalipa, je, ni halali adaiwe ada ya miezi ambayo mlango ulikuwa na kufuli?

Swali hilo halikuondoka pamoja na ugonjwa. Majumba haya hufungwa kwa sababu nyingi: ukarabati, kukatika kwa umeme, au mgogoro wa kodi baina ya mwenye jumba na mwenye biashara. Kwa hiyo linafaa kuchunguzwa kwa utulivu, maana penye fedha ya mshahara na penye sare ya serikali, jambo dogo huweza kuzaa kosa kubwa.

Msingi wa jambo hili ni mapatano. Mtu analipa ada, na mwenye jimu anampa nafasi ya kutumia mahali na vyombo vyake. Ada ni bei ya nafasi hiyo. Nafasi ikikosekana kabisa, bei nayo haina mguu wa kusimamia. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 imelitazama jambo hili. Mkataba ukiwa hauwezekani tena kutekelezwa bila ya kosa la upande wo wote, fedha iliyolipwa kabla yaweza kudaiwa irudishwe, ingawa mahakama yaweza pia kuzingatia gharama ambazo upande wa pili ulikwisha kuzitumia.

Kanuni hii ni ya zamani. Mwaka 1861 jumba la muziki la Surrey Gardens, mjini London, liliteketea kwa moto kabla ya tamasha ambazo zilikuwa zimekodishiwa jumba hilo kwa siku nne. Mwaka 1863, katika kesi ya Taylor na Caldwell, mahakama ikaamua kwamba kwa kuwa jumba lenyewe limetoweka bila ya kosa la mtu, hakuna upande unaofungwa tena na ahadi ile. Sheria ya Uganda imetokana kwa sehemu kubwa na chimbuko hilo.

Katika mwaka 2020 mataifa mengine nayo yalikumbwa na swali hili. Nchini Uingereza, mamlaka inayosimamia ushindani na masoko ilieleza kwamba, kwa kawaida, mteja hapaswi kutozwa kwa huduma ambayo hakupewa kwa sababu ya amri za serikali. Katika jimbo la New York, nchini Marekani, mwanasheria mkuu wa jimbo hilo, Letitia James, aliingilia kati mwezi Aprili mwaka huo baada ya wanachama kulalamika kwamba kampuni moja kubwa ya majumba ya mazoezi inaendelea kuwakata ada huku milango imefungwa. Kampuni ikakubali kusimamisha ada hizo.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila fedha inayoitwa ada ni ya namna moja. Jimu ya mfanyabiashara ni duka: mteja hununua huduma, na duka likifungwa hakuna cha kununua. Lakini kilabu cha wanachama ni mali ya wanachama wenyewe. Miji yote miwili ina vilabu vya michezo vya tangu zamani. Katika kilabu cha namna hiyo, mlinzi hukesha hata kama uwanja hauchezwi, majani hayaachi kuota, na paa haliachi kuvuja. Mchango wa mwanachama hulinda mali yake mwenyewe, na katiba ya kilabu ndiyo isemayo kama mchango huo unaendelea wakati wa kufungwa. Askari wanaielewa tofauti hii: fedha wanayoiweka katika Wazalendo kwa wanajeshi, au Exodus kwa polisi, si bei ya kitu dukani, bali ni akiba na sehemu yao katika chama. Basi kabla ya kulalamika, mtu ajiulize kwanza: je, mimi ni mteja, au ni mwenye mali?

Tofauti ya pili inawahusu sana watumishi wa vyombo vya ulinzi. Kuna mlango uliofungwa, na kuna mwanachama asiyekuja. Ofisa aliyelipa ada Jinja, kisha akapata uhamisho wa kwenda Mbale, hawezi kusema kwamba jimu imemnyima huduma. Mlango ulikuwa wazi. Yeye ndiye aliyekwenda zake kwa barabara ya Tirinyi. Asipotoa taarifa ya kujitoa, ada yaweza kuendelea kuhesabiwa kama mkataba wake unavyosema. Hatari huzidi ikiwa benki yake imepewa maagizo ya kukata ada kila mwezi, kwa sababu benki haijui kama mlango umefungwa wala kama mtu amehama. Benki hutii agizo mpaka litenguliwe na aliyelitoa. Kutengua agizo hilo na kumwarifu mwenye jimu kwa maandishi ni jukumu la siku ile ile barua ya uhamisho inapopokelewa.

Upande wa mwenye jimu nao una haki ya kusikilizwa. Katika miezi ile ya 2020, askari aliendelea kuwa na mshahara, lakini mwalimu wa mazoezi aliyetegemea ada za wanachama hakuwa na kitu. Kodi ya jumba ilimngoja, na mkopo ulionunulia vyombo haukulala. Kumdai mtu kama huyo arudishe kila senti kwa siku moja ni kumfilisi, na jimu iliyofilisika haimfai mwanachama ye yote.

Njia ya haki ipo, nayo ni hesabu tu. Chukulia mfano wa mwanachama aliyelipa shilingi 60,000 kwa mwezi wa siku 30, jimu ikafungwa baada ya siku 12. Kila siku ina thamani ya shilingi 2,000. Siku 18 zilizobaki ni shilingi 36,000. Mwenye jimu akishindwa kurudisha fedha, na aandike kwamba mlango utakapofunguliwa mwanachama ana siku 18 mkononi. Kwa kufanya hivyo biashara imepona na haki haikupotea. Lisilokubalika ni mwenye jimu kufungua mlango na kudai ada mpya, huku siku za zamani akizifuta kana kwamba hazikuwapo.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Stakabadhi itunzwe, na mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi, hasa kifungu kinachohusu kufungwa kwa muda. Kama kifungu hicho hakimo, iulizwe sababu, na jibu liandikwe.

Na mapatano yakishindikana, mahakama ziko wazi. Kwa kanuni za mwaka 2011, Uganda ina utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10. Mdai hutoa kwanza barua ya madai, na asipojibiwa huipeleka kesi yake mwenyewe, bila ya wakili.

Hapa pana jambo ambalo ni zito kuliko shilingi 36,000. Askari anayekwenda kudai fedha yake na aende kama raia mwenye stakabadhi, si kama mwenye bunduki. Mwenye jimu atakayelipa kwa kuogopa sare hakulipa deni, amenyang'anywa. Na jirani zake watakaoona hawatakumbuka kwamba askari yule alikuwa na haki. Kadhalika, askari aliyetumwa kufunga mlango kwa amri halali asiwe wa kwanza kugonga usiku ili afunguliwe yeye na rafiki zake kwa siri. Amri aliyoisimamia kwa wengine ndiyo hiyo hiyo inayomfunga yeye.

Dawa ya deni ni kulipa. Mwenye jimu aliyechukua fedha na kufunga mlango anadaiwa siku. Mwanachama aliyetumia vyombo bila ya kulipa anadaiwa fedha. Kila mmoja akilipa anachodaiwa, Jinja na Mbale, mlango utakapofunguliwa tena wote wataingia wakitazamana usoni.