Hukumu Kali, Mkono Mfupi
(Maneno yaliyosemwa Kaplong)



Tunasimama mbele yenu kusema juu ya kodi. Mwalimu hawezi kuikwepa: hukatwa kabla hajaushika mshahara. Mama mchuma chai huilipa ndani ya bei ya sabuni. Mwenye nafasi ya kukwepa ni mkubwa anayejiandikia hesabu mwenyewe.

Sheria ya mwaka 2015 humtishia kwa kifungo cha hadi miaka 10, na faini iwezayo kufika mara mbili ya kodi aliyoificha. Lakini tupige hesabu kama apigavyo yeye. Tuseme ameficha shilingi 100, na katika wakwepaji 100 hukamatwa mmoja. Faini ya 200 humgharimu, kwa wastani, shilingi 2 tu! Kumbe kizuiacho wizi si ukali wa adhabu pekee, bali hakika ya kukamatwa.

Goldenberg ilitufunza. Hazina ilimwaga mabilioni kwa dhahabu isiyouzwa, tangu 1990 hadi 1993. Ripoti ya Tume ya Bosire ikatoka mwaka 2006.

Basi hatudai magereza mapya. Twadai wakaguzi wasioogopa simu ya mkubwa, na mahakama huru. Nasi tumlipe Kaisari haki yake, kisha tumwulize ameipeleka wapi.