Chapati za Wanyama Asubuhi ya Pasaka

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Frere Town na sehemu nyingine za Kisauni

  

Leo hatukuja kuzungumza habari za mbolea wala za vyoo. Tumekuja na habari za chapati za maji. Tunaona wengine wameanza kutazamana, maanake wanasema moyoni, "Chapati za maji tumezipika tangu utotoni, hawa watatufundisha nini?" Subirini kidogo. Kwanza tuwakumbushe jambo ambalo sisi wenyewe hatupendi kulikumbuka.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kikundi kimoja tulichokuwa tukikihudumia, wanachama walikubaliana kuwafanyia watoto sherehe ya Pasaka. Keki zikaagizwa, soda zikaletwa kwa kreti, mikate, siagi, na peremende za kila rangi. Fedha za sanduku hazikutosha, tukaongeza deni la dukani. Sisi tulikuwapo kwenye mkutano ule na hatukusema neno. Nani anataka kuonekana mchoyo mbele ya watoto? Siku yenyewe ilipendeza, hatukatai.

Lakini wiki ya pili yake, mama mmoja ambaye hajawahi kukosa mchango hata siku moja alikuja usiku kuomba mkopo wa dharura. Mtoto ana homa kali na anahema kwa shida. Sanduku likafunguliwa, ndani mna daftari peke yake. Ikabidi tupige hodi mlango kwa mlango mpaka ikapatikana nauli na ya dawa. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini yule mama hakurudi tena kikundini. Alituambia neno moja tu: "Pesa zangu zilikuwa humo. Mlizila."

Ndugu zetu, neno hilo lilituingia. Na angalieni kalenda. Pasaka haiwahi kuja kabla ya tarehe 22 Machi, wala haichelewi kupita tarehe 25 Aprili. Kwa hiyo kwa kawaida sikukuu hii inatangulia muda mfupi tu kabla ya muhula wa pili wa shule. Sare, madaftari, karo ya walio sekondari, vyote vinakuja nyuma yake. Na hapo hapo masika yameanza, paa linavuja na malaria inaongezeka. Anayemaliza akiba asubuhi ya Pasaka anaimaliza wakati mbaya kuliko wote.

Je, basi watoto wakose sikukuu? La, hasha. Mwaka uliofuata tuliwauliza watoto wale wanakumbuka nini katika sherehe iliyopita. Hakuna aliyetaja keki. Walimtaja baba mmoja aliyeshindana nao mbio za magunia akaanguka. Hapo tukajua la kufanya: tutafute chakula cha bei nafuu ambacho mtoto atakipika pamoja na mzazi wake. Ndipo tulipofikia chapati za maji zenye umbo la wanyama.

KWA NINI CHAPATI ZA MAJI?

Kwanza, vitu vyake vinapatikana kwetu: unga wa ngano, mayai, nazi, chumvi, sukari kidogo na iliki. Pili, ni chakula chenye historia ya mfungo. Kule Uingereza, watu wamezoea kupika chapati za namna hii siku ya Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, ili kumaliza mayai, maziwa na mafuta kabla ya Kwaresima. Sisi tunaweza kuzipika mwishoni mwa Kwaresima, tunapofungua. Tatu, nchi za Ulaya Pasaka inakuja baridi inapoisha, wanyama wanapozaa, ndiyo maana picha zao zimejaa sungura na vifaranga. Kwetu inakuja na mvua. Hatuna haja ya kununua sungura wa chokoleti, tunao wanyama wetu.

VIPIMO

Kwa nyumba moja: unga vikombe 2, mayai 2, sukari vijiko 2 vya mezani, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa kidogo, na tui jepesi kikombe 1 na nusu. Ukikosa nazi, tumia maji. Hapo utapata chapati kama 10 za ukubwa wa kisahani.

Kwa kikundi chenye watoto 40, kila mmoja chapati mbili, mnahitaji unga kilo 2, mayai 16 na nazi kama 5. Wanachama wanane kila mmoja akileta robo kilo ya unga na mayai mawili, sanduku halikuguswa. Haba na haba hujaza kibaba.

Vunja mayai, yapige na sukari na chumvi. Tia unga, kisha tui kidogo kidogo huku ukikoroga hadi madonge yaishe. Rojo hili liwe zito kuliko la chapati za maji za kawaida. Literemke kutoka kwenye upawa taratibu kama asali. Likiwa jepesi, sungura wako atatandaa awe ramani. Liache nusu saa, unga unywe maji. Lakini likoroge asubuhi ile ile. Kwa joto letu hili la pwani, tui likilala usiku kucha bila friji linachacha.

KUCHORA

Tafuteni chupa ya plastiki ya sosi, ile ya kubinya. Ioshe vizuri kwa maji moto na sabuni, na kitobo cha kifuniko kiwe chembamba. Hiyo ndiyo kalamu yenu. Zamani watu walikata pembe ya mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017. Chupa ni bora, na inatumika tena mwakani.

Sasa siri ya kazi. Pakaza kikaango mafuta kidogo sana kwa kipande cha kitunguu. Mafuta yakizidi, rojo linateleza na mnyama anapoteza miguu. Chora kwanza mistari ya uso: macho, mdomo, magamba ya kobe. Weka motoni kama nusu dakika, mistari ianze kugeuka rangi. Kisha epua, mimina rojo juu yake kwa upawa ufuate umbo la mnyama, na urudishe motoni. Vitobo vikitokea juu na ung'avu ukiisha, geuza kwa mwiko mpana. Utaona ile mistari ya kwanza imekuwa ya kahawia na mwili ni mweupe. Uso umetokea!

Kumbukeni kwamba picha inatoka kinyume. Kijana mmoja aliandika jina lake kwenye chapati, likatoka limegeuka kama kwenye kioo. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo yeye ndiye anayewafundisha wenzake kuandika herufi kinyume.

Anzeni na wanyama rahisi. Kobe ni duara moja kubwa, matone manne ya miguu na moja la kichwa. Samaki ni yai refu na pembetatu ya mkia. Sungura ni duara na masikio mawili. Kifaranga ni duara dogo juu ya kubwa. Pweza mwacheni mpaka mkono uzoee, ile mikono yake minane itawatoa jasho. Mwili umiminwe kwanza, masikio na mikia mwisho, kwa sababu sehemu nyembamba zinaungua upesi.

Mkitaka rangi, msinunue. Boga lililochemshwa na kupondwa linatoa rangi ya manjano, na maji ya mchicha uliopondwa yanatoa kijani. Tumeona mtoto anayekataa boga kwenye sahani akila kifaranga cha boga na kuomba cha pili. Kwa macho tumieni vipande vya ndizi. Njugu nzima msiwape watoto wadogo, zinaweza kuwakaba.

KIBOKO NA KOBE

Kuna wanyama wawili tunaomba wasikosekane katika sahani zenu. Wengi wenu mnakumbuka mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Siku zile, kitoto cha kiboko kilikutwa kimetengana na wenzake, kimekwama baharini karibu na Malindi. Watu walikiokoa, wakakipa jina Owen, wakakileta hapa jirani kwetu, Haller Park, Bamburi. Huko kulikuwa na kobe mkubwa aitwaye Mzee, mwenye umri wa miaka kama 130. Kile kitoto kilimwendea kobe, kikalala ubavuni mwake, kikamfuata kila aendako na kula pamoja naye. Kobe mwanzoni alikasirika na kujaribu kumkimbia. Baadaye akakubali. Habari zao zilienea dunia nzima, na 2006 kikatoka kitabu cha watoto juu yao.

Basi, chora kiboko, mwili mnene na pua pana, na kobe karibu naye mpaka wagusane, wawe chapati moja. Kisha mweleze mtoto hadithi hiyo wakati chapati inaiva.

Tunasema hivi kwa sababu vikundini mwetu mna nyanya wanaolea wajukuu, na mna watoto waliopokelewa na shangazi au jirani. Mara nyingine siku ya sikukuu ndiyo siku mtoto wa namna hiyo anaona wazi kwamba wenzake wana mama na yeye hana. Mji wetu huu unaijua habari hiyo. Frere Town ilianzishwa 1875 na wamisionari wa C.M.S. kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wa makabila mbalimbali, wengi wametengwa na jamaa zao tangu utotoni. Walianza upya hapa, wakawa jamaa wao kwa wao. Na kengele iliyotupatia jina la Kengeleni ilipigwa kuwaonya watu hatari inapokaribia. Mtoto asiye na mtu apewe chupa ya kuchorea kwanza, kabla ya watoto wetu wa kuzaa.

TAHADHARI

Hapa tusikilizane sana. Mvua ikinyesha, usiingize jiko la makaa chumbani na kufunga mlango. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, na imeua watu wakiwa wamelala. Pikeni barazani, au madirisha na mlango viwe wazi, na jiko litolewe nje mkimaliza.

Mtoto asichore juu ya moto. Kikaango kikiwa baridi, kiwekeni mezani au sakafuni, mtoto achore, kisha mtu mzima akipeleke jikoni. Mkiwa na vikaango viwili, kimoja kinachorwa na kingine kinapoa. Jiko likae mahali ambapo hakuna mtu anayepita.

Na kina baba, msisubiri mezani. Tulimwona baba mmoja ambaye hajawahi kushika upawa akichora ng'ombe aliyetoka kama kiatu. Mwanawe alikataa kumla, akamfunika kwa sahani ili akamwonyeshe bibi yake.

JIRANI ANAYEFUNGA

Miaka ya 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Watoto wetu walikuwa wakila asubuhi huku watoto wa mlango wa pili wamefunga. Vikundi vingine vilifanya vizuri: walitenga rojo kidogo la unga na maji, wakatia mayai na tui jioni, wakapika za moto na kuzipeleka wakati wa kufuturu. Ulizeni kwanza, maanake nyumba nyingine hazipendi sura za viumbe kwenye chakula. Kwa hao chora nyota, jani au duara la kawaida. Siku za Idi sahani zilirudi, na hazikurudi tupu.

KABLA HATUJAACHANA

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akiona sikukuu inapikwa kwa mikono na kugawiwa, akiwa mkubwa hatakopa ili aonekane amesherehekea. Tunaomba kila kikundi kikae kijibu maswali haya kabla ya Jumapili ya Matawi:

1. Mwaka jana Pasaka ilitugharimu kiasi gani, na fedha zilitoka wapi?

2. Sanduku letu lina kiasi gani ambacho hakiguswi ila kwa ugonjwa na shule?

3. Ni watoto gani katika mtaa wetu ambao hakuna atakayepika nao? Nani atawaita?

4. Nani ataleta unga, nani mayai, nani nazi, nani makaa, na nani atasimamia moto?

Baada ya Pasaka tutapita kwenu. Mtuonyeshe daftari la mweka hazina. Tukikuta fedha za sanduku ni zile zile, na watoto wanabishana ni nani aliyemla kobe wa nani, tutajua mmesherehekea vizuri.