KIWANDA HUANZA BARAZANI

Mazungumzo kwa viongozi wa vyama vya msingi, Chake Chake



Mkakati wa viwanda wa taifa huandikwa mjini, bali hutimizwa shambani. Mfano wake hauko mbali. Hapa Wawi kipo kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, kilichoanzishwa katika miaka ya 1980. Vikonyo ambavyo mkulima huvitenga anapochambua karafuu zake, huko hutolewa mafuta kwa nguvu ya mvuke. Na mafuta hayo hutakiwa na watengenezaji wa dawa za meno, sabuni na manukato.

Lakini mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Msimu ukiwa mdogo, makonyo huwa haba. Ndiyo sababu kiwanda hicho hushughulikia pia mchaichai, majani ya mdalasini na mkaratusi. Hapo ndipo penye fundo. Mkulima hapandi mchaichai asipojua bei. Kiwanda hakitaji bei kisipojua kiasi kitakachopatikana. Mnunuzi wa ng'ambo naye haagizi asipohakikishiwa yote mawili. Kila mmoja humngoja mwenziwe, na ardhi hukaa bure. Fundo hili halifunguliwi kwa waraka, ila kwa wahusika wote kuketi pamoja.

Mkakati wa Viwanda vya Msingi wa Tanzania, uliopangwa kwa miaka 20, 1975 hadi 1995, ulikuwa na shabaha njema. Hata hivyo viwanda vingi vilikwama kwa uhaba wa malighafi, vipuri na fedha za kigeni. Zanzibar nayo iliona katika miaka ya 1980 jinsi bei ya karafuu ilivyoanguka pale Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilipojitosheleza. Auzaye malighafi tupu hukaa mikononi mwa mnunuzi.

Leo lipo Baraza la Biashara la Zanzibar, ambamo Serikali na wafanyabiashara hushauriana. Mkulima mdogo hafiki huko peke yake. Sauti yake ni chama chake. Walakini chama kiendacho na malalamiko matupu husikilizwa kwa adabu, kisha husahauliwa. Hapana budi kiende na hesabu: ekari ngapi zaweza kupandwa, magunia mangapi ya makonyo yalipimwa misimu mitatu iliyopita, mangapi yaliharibiwa na mvua, na gharama ya kuyafikisha Wawi ni kiasi gani.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila chama na kifungue ukurasa huo kabla ya msimu ujao, ili mkulima wa Pemba akaribishwapo mezani, awe na la kuweka juu yake.