Zebaki haitoki kwa kutapika



Katika mji wetu wa Bukavu mtu akikonda, akakohoa mwezi baada ya mwezi, tumbo likamkata na nguvu zikamwishia, jirani hangoji kipimo. Atasema ni karuho. Amelishwa sumu. Kuanzia hapo familia inachanga fedha, mgonjwa anapelekwa kwa mtu anayesifika kwa kutoa sumu, ananyweshwa dawa ya kutapika, kesho yake ya kuharisha, na kile kilichotoka kinaonyeshwa kuwa ndiyo sumu yenyewe. Simcheki anayekwenda huko. Mahali ambapo watu wengi wamezikwa bila familia kuambiwa wazi ni ugonjwa gani uliowaua, hofu ya sumu ina mizizi mirefu, na anayeahidi kuitoa mwilini hakosi wateja.

Lakini huku tukichungulia vikombe vya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tukitafuta mkono wa adui, iko sumu ya kweli tunayoinunua wenyewe sokoni na kuivuta wenyewe kwa pua kwenye kazi ya dhahabu. Ni zebaki, ile mercure ya wachimbaji. Hiyo haitoki kwa kutapika, na mgonjwa wa sukari, wa tension au wa figo anayejaribu kuitoa kwa njia hiyo anajiongezea ugonjwa.

Nianze na dhahabu, maana wengi wenu mnaijua kazi yake. Kamituga, Lugushwa, Misisi, mambo ni yaleyale. Jiwe linatoka shimoni, mwanamke mtwangaji, anayeitwa mama twangaise, analitwanga, au linapelekwa kwenye mashine ya kusaga. Unga unaoshwa, kisha zebaki inamiminwa. Zebaki inakamata dhahabu na kuuacha mchanga. Mchimbaji anakusanya donge lake, analikamua ndani ya kitambaa mpaka zebaki ya ziada itoke, anabaki na kijidonge cheupe kinachong'aa, ambacho karibu nusu yake ni zebaki. Anakiweka juu ya moto. Polepole weupe unaondoka, umanjano unajitokeza, na wote waliouzunguka moto wanatazama rangi tu. Ile nusu nyingine imekwenda hewani. Haionekani, haina harufu, na katika mvuke mtu anaouvuta, karibu asilimia 80 hubaki mwilini mwake. Mara nyingi moto wenyewe ni wa jiko la chakula, ndani ya nyumba, na mtoto yuko mgongoni.

Tena hayo hayaishii Kamituga. Dhahabu ikimfikia négociant, yaani mfanyabiashara anayeinunua mjini, bado imebeba mabaki ya zebaki, na hakuna mnunuzi anayetaka kulipia uzito usio dhahabu. Kwa hiyo anaichoma tena. Moto ukiwa nje machimboni, upepo hupunguza mvuke, lakini chumba cha biashara kilichofungwa madirisha, bila bomba la kutolea moshi, huuhifadhi. Anaupata karani, anaupata mlinzi wa mlangoni, anaupata mpangaji wa chumba cha juu ambaye hajawahi kushika hata chembe ya dhahabu. Mvuke huo hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu: mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mtu anakuwa mwepesi wa hasira na wa kusahau, fizi zinavimba. Na kwa kuwa madhara hayo yanakuja taratibu, watu husema ni pombe, ni mawazo, au ni ule mkono wa jirani. Chombo cha kuzuia haya kipo, kinaitwa retorta. Kinafunikwa juu ya moto, mvuke unapoa ndani yake, na zebaki inarudi kwa mwenyewe aitumie tena. Kila mwenye chumba cha kuchomea dhahabu katika mji huu angepaswa kulazimishwa kuwa nacho.

Njia ya pili ya zebaki inapita ndani ya nyumba za watu wasiojua hata sura ya shimo la dhahabu. Nazungumzia sabuni na krimu za kujichubua. Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba sabuni za aina hiyo zenye zebaki huwa na asilimia 1 hadi 3 ya chumvi ya zebaki, na krimu kuanzia 1 hadi 10. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa unaotokana na kula samaki wenye zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, uliweka mpaka wa sehemu moja katika milioni kwa vipodozi, na ukataka vyote vinavyozidi hapo viishe ifikapo 2020. Mwaka 2023 nchi za mkataba zilikutana Geneva zikakubaliana kuondoa hata ile sehemu moja. Sabuni yenye asilimia moja imepita mpaka ule maelfu ya mara.

Mama, dada, kaka pia, maana wanaume nao wanajipaka: chukua pakiti ile usome maandishi madogo. Wakati mwingine zebaki imetajwa kwa jina la kitaalamu, calomel, iodidi ya zebaki, au herufi mbili tu, Hg. Wakati mwingine haikutajwa kabisa. Lakini iko alama moja ambayo watengenezaji huiacha: onyo kwamba bidhaa isiguse dhahabu, fedha, mpira wala aluminiamu, na kwamba uvue pete kabla ya kuitumia. Kwa nini sabuni ya uso iogope pete? Kwa sababu zebaki iliyomo itaikamata dhahabu ya pete yako vilevile inavyokamata dhahabu ya Kamituga.

Ngozi inang'aa kwa sababu zebaki inazuia mwili kutengeneza rangi yake. Lakini haibaki kwenye ngozi. Inapenya, inaingia kwenye damu, inakwenda kukaa kwenye figo. Uso unaamka umevimba, viatu vinabana jioni, mkojo unatoa povu kwa sababu protini inavuja. Haya si mapya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa juu ya watu wazima waliokuwa na ugonjwa huo wa figo. Walipouliza vizuri, zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Na katika wale walioziacha, wako waliopona. Zaidi ya miaka 50 imepita tangu somo hilo liandikwe, kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, watu kama sisi.

Hapa ndipo mgonjwa wa siku nyingi anapoumia mara mbili. Mama ana sukari tangu zamani. Miguu ikianza kuvimba, yeye mwenyewe na muuguzi wake watasema ni sukari imefika kwenye figo, na inawezekana ni kweli. Lakini hakuna aliyemuuliza anaoga na sabuni gani. Naye hawezi kusema, kwa sababu kujichubua ni jambo la aibu linalofanywa mlango umefungwa. Dawa za sukari zinaongezwa, sabuni inaendelea.

Kisha anakuja muuza tiba. Mwingine anatoa majani ya kutapisha. Mwingine ana chai ya kusafisha damu, au vidonge vya kuondoa sumu zote mwilini. Katika miji ya Kongo na ya Afrika Mashariki wako hata wanaomshikisha mtu kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja karatasi inatoka na orodha ya magonjwa, na metali nzito zimo. Kijiti hicho hakipimi zebaki. Zebaki ya mvuke na ya krimu hupimwa kwenye mkojo, maabara. Ile ya samaki hupimwa kwenye damu au nywele. Na zebaki iliyokwisha kuingia kwenye figo au ubongo haiko tumboni. Ukitapika siku nzima hutaifikia. Utakachopoteza ni maji na chumvi za mwili, na figo zilizochoka hazistahimili ukavu. Wako pia wanaoambiwa kwamba aliyelishwa sumu asiguswe na sindano. Kwa mtu anayeishi kwa insulini, shauri hilo ni hukumu ya kifo, na anayelitoa anapaswa kuambiwa hivyo usoni.

Hospitali zinazo dawa za kweli za kuikamata zebaki, kama DMSA. Zinafanya kazi kwa kuishika metali na kuipitisha kwenye mkojo, yaani kupitia figo zilezile. Ndiyo maana hutolewa baada ya kipimo, mgonjwa akiwa chini ya macho ya daktari, na chanzo cha sumu kikiwa kimekwisha kuondolewa. Si dawa za kununua mtandaoni. Mwaka 2005, huko Pennsylvania nchini Marekani, mtoto wa miaka 5 alitiwa mshipani dawa ya jamii hiyo, akitibiwa otizimu kwa imani kwamba metali zikitoka atapona. Kalsiamu ya mwili wake ilishuka ghafla, akafa. Nchi yenye hospitali zote zile, na bado.

Wengi hawaambiwi ukweli huu: mwili wenyewe unajua kuitoa zebaki. Aliyevuta mvuke, nusu ya zebaki yake huondoka kwa takriban miezi miwili, mradi asiendelee kuivuta. Si kila madhara yatarudi nyuma, hasa ya ubongo. Lakini siku unayoacha ile krimu, siku unayohamisha moto wa dhahabu nje ya nyumba, ndiyo siku tiba inapoanza, na haikugharimu hata faranga moja. Na msiache kula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa hofu ya zebaki. Zebaki hujilimbikiza zaidi katika samaki wakubwa wanaokula wenzao na kuishi miaka mingi; samaki wadogo wenye maisha mafupi kwa kawaida hubeba kidogo sana, na mgonjwa anahitaji chakula hicho.

Wenzetu wa Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi tu, walianza kuzikusanya sabuni na krimu za kujichubua madukani mwishoni mwa 2018. Yeyote anayesimama leo na mhuri kwenye mpaka wa Ruzizi anaweza kufungua katoni na kusoma yale maandishi madogo. Na wenzangu wa redio za Bukavu, nawaomba sana: kabla ya kusoma hewani tangazo la dawa inayotoa sumu zote, mwulizeni mwenye tangazo ni sumu gani, ilipimwa wapi, na mgonjwa wa figo akiinywa itakuwaje. Akishindwa kujibu, mrudishieni fedha zake.

Na wewe mwenye sukari, tension au figo, unayekwenda kliniki wiki hii: chukua sabuni yako, krimu yako, na chupa ya ile dawa uliyouziwa, vifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki, uviweke mezani mbele ya daktari. Omba mkojo wako upimwe protini. Ni kijiti kidogo cha karatasi, na vituo vya afya vingi vinacho. Kama wewe au mume wako mnachoma dhahabu, mwambie hilo pia. Usimfiche kwa aibu.