Farasi Waliomshinda Sendak



Wahitimu, mnapokea vyeti vya sanaa leo, nami nataka kuwazungumzia mchoraji aliyejifunza kazi hii karibu yote mwenyewe, ukiondoa madarasa machache ya jioni. Maurice Sendak alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1928, wazazi wake Wayahudi waliohamia kutoka Poland. Utotoni aliugua sana, akawa anashinda kitandani na penseli.

Mwaka 1948, akiwa hana kazi, alikaa dirishani nyumbani kwa wazazi wake akiwachora watoto waliocheza barabarani. Binti mmoja, Rosie, alimjazia daftari. Watoto wa vitabu vyake vya mwanzo, wale wafupi wenye vichwa vikubwa na miguu isiyotulia, ni watoto wa mtaa ule. Naamini kabisa kwamba dirisha lile ndilo lililomfundisha.

Baadaye mhariri Ursula Nordstrom aliiona michoro yake, akampa vitabu vya waandishi wengine avichore. Mwaka 1955 akaanza kitabu chake mwenyewe, cha farasi wa mwituni. Kikamkwamia, kwa kuwa kuchora farasi kulimshinda. Alipokirudia miaka kadhaa baadaye, aliwatoa farasi akaweka mazimwi, na sura zao akazichukua kwa wajomba na mashangazi waliokuja kula Jumapili, meno yameharibika, wakimfinya mashavu na kumwambia watamla. Watu hao aliwajua vilivyo. *Where the Wild Things Are* kilitoka mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikapata Caldecott Medal, tuzo kubwa ya michoro ya vitabu vya watoto Marekani.

Kitafuteni mkitazame. Picha ya kwanza ni ndogo, imezungukwa na weupe wa karatasi. Chumba cha Max, mvulana wa kitabu hicho, kinapogeuka msitu, picha nazo zinatanuka, hadi mazimwi yanapocheza chini ya mwezi yakijaza kurasa mbili nzima, bila neno hata moja. Ukurasa wa mwisho una maneno tu. Mpangilio huo ni kazi ya fundi.

Wahitimu, watoto wanaosoma Kiswahili wanawahitaji. Nendeni mkawachore wanaoruka kamba na kusukuma matairi mitaani kwenu, wachoreni hata wanapogombana. Na shangazi zenu pia, wengine wamo humu ukumbini.