Mashini Jikoni: Neno kwa Ndugu Wapishi



Sisi wa reli tuna neno na wenzetu wapishi. Twasikia wengine wakicheka, "Mashini haijui kuonja chumvi." Kweli, haijui. Lakini haidai mshahara, na tajiri hupima kwa hesabu, si kwa ulimi.

Mwaka 2018, huko Pasadena, Marekani, mkono wa chuma uitwao Flippy uliwekwa jikoni kugeuza nyama, ukiongozwa na kamera na akili bandia. Baada ya siku moja ulisimamishwa kwa muda, maana wafanya kazi walikuwa hawajafundishwa kwenda nao. Lakini haukuishia hapo. Baadaye ukapewa kazi ya kukaanga viazi.

Sisi twajua jambo hili. Injini za dizeli zilipoingia relini, kazi ya kuchochea moto ilikwisha.

Wapishi wa Las Vegas hawakungoja. Mwaka 2018 chama chao, Culinary Union, kilitia mashini katika mapatano: waajiri watoe habari mapema, na watu wafundishwe. Mwaka 2023 wakaongeza: atakayepoteza kazi kwa sababu ya mashini alipwe dola 2,000 kwa kila mwaka aliotumika.

Ndugu, hatukatai mashini. Twakataa kupata habari siku ya kufukuzwa. Katika mapatano yajayo tudai mambo matatu: habari mapema, mafunzo, na malipo. Na mpishi asiye na kadi ya chama aichukue leo, mashini ingali mbali.